Stakabadhi ya Bunduki ya Marehemu

Kabla hujaipokea bunduki ya mtu, mtazame mwenyewe kwanza. Bunduki haina haraka, mwenyewe ndiye mwenye mambo. Nawaambia nyinyi vijana mnaoanza kazi kwenye vibali vya silaha, mnaobonyeza kompyuta ikatoa jina na nambari kabla chai haijapoa. Mjukuu wangu wa kike kaajiriwa huko juzi juzi, akanijia na swali: "Bibi, nyinyi zamani mlikuwa mnafanya nini kutwa nzima?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikamwambia nitaandika.

Mimi naitwa Zuwena. Nilikuwa karani wa silaha hapa Maskati kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapiga risasi hata moja maishani mwangu. Kazi yangu ilikuwa daftari. Bunduki ya nani, aina gani, nambari gani, kibali kinakwisha lini. Wengi wa wenyewe walikuwa wazee wenye bunduki za babu zao, zile ndefu zenye mikanda ya fedha, zinazoshuka ukutani siku ya harusi, zikapigwa hewani mara mbili tatu, zikarudi ukutani kulala. Kwenye fomu palikuwa na swali: sababu ya kumiliki. Mzee mmoja aliandika, "Ni yangu." Nikamrudishia fomu, nikamwambia hiyo si sababu. Akachukua kalamu, akaongeza, "Na ya baba yangu." Nikapiga muhuri.

Ghala la silaha lilikuwa mikononi mwa Khalfan, na yeye ndiye aliyenifunza yote ninayoyajua. Alikuwa mtu wa milimani, mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alichokisikia kwa mama yake wa kambo aliyekulia Unguja. Ukiingia ghalani asubuhi ulikuta harufu ya mafuta na mbao, na bunduki zimelazwa safu kwa safu, na mwanga wa dirisha dogo unapita juu yao taratibu. Mara nyingi nilisimama mlangoni nikasahau nilichofuata. Khalfan alikuwa haniulizi. Alijua ghala lile lilikuwa linamchukua mtu akili.

Aliniambia nisiiamini bunduki yoyote mpaka niifungue kwa nyuma, nione mwanga upande wa pili. Siku moja mkubwa mmoja, mwenye nyota begani, aliona anacheleweshwa, akaikamata bunduki ya mzee mmoja na kuchungulia mwenyewe kwa mbele. Mavu walikuwa wamejenga ndani ya mtutu. Alikwenda nyumbani na jicho limefura kama andazi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetuharakisha tena.

Sasa niwaambie habari ya vimbunga, kwani hapo ndipo kazi hii inapokuwa kazi.

Kimbunga kikija, serikali huwa na mkono mrefu kuliko siku nyingine. Inaweza kukutoa nyumbani kwako, kuifunga njia yako, kuichukua silaha yako, na yote ni kwa amri ya karatasi moja. Sisemi ni vibaya. Nimewahi kuona, baada ya mafuriko, bunduki iliyokutwa kwenye matope na watoto wanaichezea, na nyingine iliyoibiwa katika nyumba iliyohamwa. Amri ya kukusanya silaha ina akili yake. Lakini mwenye bunduki naye ana haki yake, na haki hiyo siku ya kimbunga imo ndani ya kitu kimoja tu, nacho ni stakabadhi yako wewe karani.

Kwa hivyo stakabadhi andika kwa penseli. Mtanicheka, najua. Kimbunga cha kwanza nilichokifanyia kazi niliandika kwa kalamu ya wino, nikafunga vikaratasi kwenye bunduki zaidi ya arubaini, nikajiona hodari. Paa likavuja. Asubuhi vikaratasi vyote vilikuwa vyeupe na vidole vyangu vya buluu. Na kosa jingine, nilizifunika kwa mablanketi ya sufu, nikidhani nazisitiri. Blanketi lilinyonya maji likazikumbatia, na siku ya tatu kutu ilikuwa imeshaanza kuota. Khalfan hakunigombeza. Alinipa ndoo ya maji matamu, tukaziosha moja moja chumvi itoke, tukazikausha kwa kitambaa, ndipo tukapaka mafuta. Ukipaka mafuta juu ya chumvi, umeifungia adui ndani.

Kisha wenyewe wakaja. Nambari za nyingi zilikuwa zimeshafutika zamani, na majina hatuna. Khalfan akawaambia wazee wafumbe macho. Akampitishia kila mmoja bunduki mikononi, na mzee anapapasa, anatikisa kichwa, anapapasa nyingine, mara uso unafunguka. "Hii hapa." Mmoja aliijua kwa alama ya meno ya mbwa kwenye kitako. Ilichukua siku nzima, na hakuna wawili waliodai moja. Ile siku naiona mpaka leo nikilala mchana: wazee waliofumba macho wamejipanga kivulini, mikono yao inatafuta.

Na desturi moja zaidi alinifunza Khalfan. Kulikuwa na mzee mmoja Matrah, muuza ubani, ambaye amri ilimtaka aitoe bunduki yake mbele ya majirani zake sokoni. Akakataa katakata. Vijana wetu wakaanza kupandisha sauti. Khalfan akawasogeza, akafungua kiunoni jambia lake la heshima, akalitia mikononi mwa yule mzee. "Nishikie hili," akamwambia. "Mvua ikisha tutabadilishana." Mzee akacheka, akaitoa bunduki, na soko zima likapanga foleni nyuma yake. Khalfan alifanya kazi siku sita kiuno kitupu. Baadaye aliniambia, "Zuwena, mtu haogopi kutoa. Anaogopa kuonekana kanyang'anywa. Ukichukua cha mtu, mwachie chako." Nililiweka neno hilo moyoni. Khalfan alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu, akaniachia funguo za ghala na neno lile.

Haya, nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kimbunga chenyewe kilikuja nikiwa nakaribia kustaafu. Amri safari hii ilichapwa vizuri, na fomu ya stakabadhi ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza: imehifadhiwa. Hiyo ilikuwa ya bunduki yenye kibali, na itarudi kwa mwenyewe. Ya pili: imechukuliwa. Hiyo ilikuwa ya bunduki isiyo na kibali, na haitarudi, itapondwa. Na anayekwenda kulala kwenye skuli zilizotengwa kwa waliohamishwa haingii na silaha. Basi. Mimi nikapewa nyumba zenye wanawake peke yao, maana vijana wetu wa kiume wasingeweza kuingia.

Siku ile mvua ilikuwa bado haijanyesha mjini. Bahari ilikuwa imetulia na kuwa rangi ya maziwa yaliyochacha. Meli zote za watalii zilikuwa zimeondoka bandarini, na kule Qurum, kwenye barabara ambazo siku zote zimejaa magari, kulikuwa na paka mmoja tu anavuka bila wasiwasi. Simu zetu zote zililia kwa pamoja, mlio ule wa tahadhari, kisha zikanyamaza. Nilikuwa kama niko usingizini na nimeshajua kuwa ni ndoto. Lakini wadi, ule mkondo mkavu wa bondeni, haingoji mvua ya mjini. Maji yake yanatoka milimani, na milimani kulikuwa kweusi.

Nyumba ya mwisho kwenye karatasi yangu ilikuwa ya Bi Thureya, mjane wa miaka themanini hivi, katika nyumba ya zamani kwenye bonde nyuma ya majumba makubwa. Aliyenifungulia geti ni Prossy, msichana wa Kiganda anayemtunza. Begi lake lilikuwa mgongoni.

"Mama, umekuja na gari? Mungu asante," akasema. "Mimi nime-pack tangu asubuhi. Madam amekataa kabisa. Ananiambia wewe nenda, mimi nabaki. Sasa nitamwacha vipi, mama? Mzee haachwi. Akibaki, na mimi nabaki." Akanitangulia ndani.

Ndani, Bi Thureya alikuwa amekaa kwenye kiti cha mumewe, kanga begani, na bunduki ndefu imelala mapajani mwake.

"Karibu, Zuwena," akasema, maana tukijuana kwenye maharusi. "Umekuja kunitoa mimi au kuitoa hii?"

"Nimewafuata nyote wawili, Bimkubwa."

"Mie nitakuja. Hii je?"

Nikamuuliza kibali.

"Kibali kina jina la Nassor, na Nassor yuko makaburini. Nlikwenda ofisini kwenu. Kijana mmoja kanambia kibali kimekufa na mwenyewe, nilete karatasi ya mirathi. Karatasi inataka saini za watoto wote, na huyo wangu wa Ulaya ukimpigia simu utasema unamdai. Nna mwaka wa tatu nangoja."

Akaipapasa ile bunduki. Akaniambia baba yake Nassor alipokwenda Unguja aliiacha kwa ndugu yake huku Oman. Nassor alizaliwa Unguja, hakuwahi kuiona. "Tulipotolewa kule," akasema, "tulifika Maskati hatuna hata sufuria. Watu wanatutazama, hawa nani, Kiarabu chenyewe wanakibabaisha. Akaja ami yake Nassor kutoka bara ya huku Oman na bunduki hii. Akasema, chukua, ilikuwa inakungoja. Basi ndiyo iliyotupokea. Ndiyo iliyosema sisi ni wa hapa. Sasa nambie kweli, mwanangu. Nikikupa, itarudi?"

Nje dereva wetu alipiga honi, akaita kwa sauti kuwa maji yameshafika daraja la upande wa milimani. Prossy akaanza kulia taratibu, "Yalla, madam, please, yalla."

Nilijua jibu. Bunduki ya marehemu haina kibali, na isiyo na kibali inaingia safu ya pili. Nikasema, "Itarudi."

Bi Thureya akaikaza bunduki mapajani. "Siku tunatoka Unguja," akasema, "mkubwa mmoja alisimama barazani kwetu akatwambia fungeni milango tu, mtarudi. Ufunguo nnao mpaka leo."

Hapo nikalikumbuka neno la Khalfan. Nilivua bangili yangu ya dhahabu, niliyoachiwa na mama yangu, nikamtia mkononi. "Hii nishikie," nikamwambia. "Mvua ikisha tutabadilishana." Nikatoa fomu, nikaandika kwa penseli kwenye safu ya kwanza: imehifadhiwa.

"Andika jina lake," akasema. "Si langu. Lake."

Nikaandika: Nassor, marehemu. Akaisoma, akaikunja, akaitia kifuani. Ndipo akanipa bunduki. Alinipa kwa mikono miwili, kitako kwanza, na alikuwa kaishika kwa nguvu hata nilipoipokea vidole vyake vilichelewa kuachia.

Tulikuwa hatujamaliza kupanda kilima wadi iliposhuka. Sitawapambia kwa maneno mazuri: ilikuwa na rangi ya kahawia na mlio wa lori, na juu yake friji moja jeupe lilikuwa linazunguka polepole kama linatafuta pa kukaa. Nyumba ya Bi Thureya maji yalifika madirishani. Prossy aliinama mapajani mwa bibi yake, akajifunika kanga ya bibi yake kichwani.

Ofisini, mkubwa wangu alipitia stakabadhi zote. Alikuwa kijana mwenye adabu, sina la kumsema. "Bi Zuwena, hii haina kibali," akasema. Nikamwambia ni ya marehemu, warithi hawajamaliza. Akaisoma amri tena, juu mpaka chini. "Amri haina marehemu," akasema, akakata mstari mwekundu kwenye nakala yetu, akaihamisha safu ya pili. Na mimi, wanangu, nilinyamaza. Nilikuwa nimebakisha chini ya mwaka kustaafu. Niliona nitasema kesho. Kesho nikaona nitasema Jumapili, wiki ya kazi ikianza. Halafu ikaja orodha ya zilizopondwa, na nambari yake ilikuwa humo, na maji yameshamwagika.

Nilikaa miezi minne bila kwenda kwake. Alikuwa amehamia kwa binti yake, Matrah, nyumba ya juu yenye ngazi nyingi. Kila nikifika chini ya ngazi zile nilikumbuka nina jambo sokoni. Siku niliyopanda nilimkuta anachambua mchele kwenye sinia, bangili yangu iko mkononi mwake.

"Bimkubwa," nikasema kabla hata ya kukaa, "bunduki haipo."

"Nnajua."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Siku ile ile." Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka ukingoni. "Mtu anayesema kweli havui bangili, Zuwena. Angesema itarudi, basi. Wewe uliposema ukaona neno lako jepesi, ukaongeza dhahabu."

 Nikamuuliza kwa nini basi alitoka, kwa nini alinipa.

Akanyanyua kidevu kuelekea jikoni, ambako Prossy alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwao huku anaosha vyombo. "Mtoto wa watu. Mamake hakumleta Maskati afe na kibibi kwa ajili ya chuma. Mie na Nassor tungengoja maji, tumeshazoea kungoja. Lakini yeye hakutaka kuniacha." Akarudi kwenye mchele. "Na bangili yako sikupi. Ahadi ni deni. Siku utakayoleta bunduki, utaichukua."

Sikumlaumu. Alikuwa akiivaa kwenye maharusi, na mimi naiona, na yeye anaona kuwa naiona.

Usiku wa siku ile sikufanya lolote, nililala tu. Asubuhi yake niliandika barua ya kurasa mbili kwa wakubwa. Sikujitetea. Nilisema niliahidi kisicho changu, na nikaandika kwenye stakabadhi jambo nililojua si kweli. Nikasema pia kuwa amri ile haikuwajua wajane, wala watu waliofiwa wanaongoja karatasi ya mahakama, na kwamba mtu akiambiwa achague kati ya kuokoka na kupoteza cha marehemu wake, wengine watabaki ndani na maji yatawakuta. Nilionywa kwa maandishi. Nikahamishiwa chumba cha mafaili ya zamani mpaka siku yangu ya mwisho, na hakuna aliyenitajia barua ile tena.

Nawaambieni haya msije mkafanya nilivyofanya mimi. Desturi ya Khalfan ilikuwa nzuri kwa sababu Khalfan alijua atarudisha. Mimi nililichukua jambia lake nikaacha ukweli wake. Ningeweza kumwambia Bi Thureya, "Amri inasema haitarudi, lakini nitaipigania," kisha nikaipigania kweli. Kumbe huenda angenipa vilevile, maana alikuwa ameshaamua kwa ajili ya Prossy. Hilo ndilo linaloniamsha.

Juzi, msimu wa vimbunga ulipokaribia, mwenzangu wa zamani wa ofisini aliniletea fomu mpya kabisa, bado haijaandikwa kitu. "Tazama," akasema, akaondoka. Stakabadhi ina safu tatu sasa. Ya tatu imeandikwa: ya marehemu, isubiri warithi.

Nikaichukua nikapanda nayo ngazi za Matrah. Bi Thureya macho hayamsaidii tena, akaniambia nimsomee. Nikamsomea safu ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Akaniambia niisome tena ile ya tatu. Nikaisoma.

"Kwa hivyo ya Nassor ingengoja?" akauliza.

"Ingengoja, Bimkubwa."

Wanawe husema hajawahi kuonekana akilia. Si siku walipotoka Unguja, si siku ya maziko ya mumewe, si siku aliporudi akakuta matope kwenye kitanda chake. Aliiweka ile karatasi mapajani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili, akalia kwa sauti, kama mtoto mdogo, bila kujifunika uso. Mimi nikabaki nimekaa, mikono sijui niiweke wapi. Prossy akaja mbio kutoka jikoni, mikono inachuruzika maji, akapiga magoti akamkumbatia, kisha akanigeukia mimi.

"Mama," akasema, "umemfanya nini?"